Sekunde Nne Kila Siku

Sura ya Saba

Mpelelezi alifika kwenye chumba cha uangalizi saa mbili kasorobo asubuhi, akakuta barua imeshaandikwa.

Ilikuwa juu ya meza ya Meneja wa mifumo, ukurasa mmoja, mhuri umeshagongwa, pengo la sahihi tu limebaki. Aliisoma akiwa amesimama. Barua ilisema kwamba siku tatu zilizopita mfanyakazi mmoja wa benki ya damu, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, alizinyamazisha kengele za vyumba baridi kwa makusudi. Kwamba mtambo wa kupoza chumba namba tatu ulipokata dakika chache baadaye, hakuna aliyejua. Kwamba chupa mia sita na kumi na mbili za damu zilipata joto, ikabidi zimwagwe. Mwisho iliwaomba polisi waje kumchukua saa nane mchana.

Mfanyakazi huyo, kuanzia mfagiaji hadi daktari mkuu, watu wote walimwita Shangazi.

"Una haraka, bosi," Mpelelezi alisema.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba watu waliinama kumsikia, na wakishainama walijikuta wamesema zaidi ya walivyokusudia. Alitembea na daftari la mistari na kalamu ya risasi iliyochongwa pande zote mbili. Makao makuu walipopata taarifa za mfumo ulioharibika, yeye ndiye waliyemtuma.

Meneja aliinama. "Dada yangu, hapa hakuna fumbo. Huu mfumo mpya unaandika kila kitu. Nani kafanya nini, saa ngapi, sekunde ngapi. Zamani tulikuwa tunakisia. Sasa tunasoma." Alimsogezea karatasi. "Soma mwenyewe."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja uliopigwa rangi ya njano. Saa 4:06:48 asubuhi. Amri: nyamazisha kengele zote kwa saa moja. Mtoa amri: SHANGAZI.

"Mtambo ulikata saa nne na dakika kumi na moja," Meneja alisema. "Kengele zilifunguka saa tano na dakika sita, joto limeshafika nyuzi kumi na moja. Damu ikivuka kumi, kwaheri. Na kuna kitu kingine. Siku tunahamia mfumo mpya, mama huyu alisimama hapo mlangoni akasema mbele ya watu wote, 'Mtanikumbuka.' Unadhani alikuwa anatania?"

"Kompyuta iliyotoa amri ni ipi?"

"Haioneshi. Amri zote zinapita mlango mmoja. Lakini jina si hilo hapo?"

"Neno lake la siri nani mwingine analijua?"

Meneja alikohoa. Alinyanyua kibodi ya meza ya pili, ile ya Shangazi. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa, mwandiko mzuri wa mviringo, neno la siri kamili. "Hilo ni kosa la usalama, nakubali. Ila juzi nimelibadilisha. Tangu juzi mama huyu hawezi kuingia hata kwenye saa ya ukutani."

Mpelelezi aliandika mstari mmoja kwenye daftari. Kisha akaomba kitu ambacho Meneja hakukitarajia. "Umenipa siku moja. Nataka siku zote."

"Siku zote zipi?"

"Tangu mfumo mpya uwashwe."

"Hizo ni wiki kumi na tano, dada!"

"Nitasoma polepole."

Wakati mashine ya kuchapa inatema karatasi, alikwenda chumba cha mapumziko, ambako Shangazi alikuwa anasubiri.

Chumba kilikuwa na meza moja, birika la umeme, viti sita visivyofanana na ubao mweupe ukutani. Kwenye ubao iliandikwa namba moja tu, kubwa, kwa wino mwekundu: 3,640. Mpelelezi aliitazama. Jana jioni, alipofika kituoni na kupita hapo, iliandikwa 3,639.

Kijana aliyevaa nyaya mbili shingoni kama skafu alikuwa anafunika kalamu ya wino. Huyo alikuwa fundi wa mtandao, na kwa sababu ya shingo yake watu walimwita Nyaya.

"Hiyo namba ya nini, fundi?"

"Ah, hiyo?" Nyaya alicheka, macho yakaenda mlangoni. "Siku bila ajali, dada. Mambo ya kutiana moyo tu." Akatoka haraka kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Shangazi alikaa wima, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa kimenyooshwa kwa pasi mpaka kona zake zinakata. Hakuwa na dalili ya kulia. Mpelelezi alivuta kiti, akakaa karibu, si mkabala.

"Umekunywa chai, Shangazi?"

"Mwanangu, umekuja kuniuliza chai au kuniuliza damu?"

"Vyote viwili. Naanza na chai."

Shangazi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nimekunywa. Haya, uliza."

"Siku ile, saa nne na dakika sita, ulikuwa wapi?"

"Ukumbi wa mafunzo. Tulikuwa kumi na wawili, tunafundishwa mfumo mpya na kijana anayeweza kuwa mjukuu wangu. Mzuri sana, anafundisha kwa heshima. Ila simu ninayo, na Meneja anasema ningeweza kutoa amri kwa simu. Ni kweli, inawezekana. Sitasema uongo ili nijiokoe."

"Hii amri yenyewe unaijua?"

"Naijua kuliko ninavyojua kiganja changu. Niliiandika mimi." Aliweka mkoba mezani. "Miaka kumi iliyopita. Vyumba vya zamani vilikuwa vinayeyusha barafu kila siku saa nne. Joto linapanda kidogo, kengele zinapiga kelele za bure, watu wanachoka. Na mtu akishachoka na kengele, siku ya hatari ataiacha ilie. Kwa hiyo nikamwandikia Babu: kila siku saa nne kamili, nyamazisha saa moja, halafu fungua. Na katika saa hiyo mimi nilikuwa nakaa mbele ya vyumba kwa miguu yangu, naangalia vipimajoto kwa macho yangu. Miaka kumi hatukupoteza chupa hata moja. Hata moja."

"Babu ni nani?"

"Seva yetu ya zamani. Ndiyo iliyokuwa inalinda vyumba vyote kumi na vinne. Ilizimwa tulipohamia. Vyumba sasa vinayeyusha usiku, kwa utaratibu mwingine, amri ile haitakiwi tena. Niliandika hivyo kwenye makabidhiano, mstari wa kumi na nne: futeni amri ya saa nne kabla ya kuhama. Kasome."

"Na 'Mtanikumbuka'?"

Shangazi alitabasamu kidogo. "Nilisema. Walikuwa wanabeba mashine niliyoilea, hakuna aliyesema hata asante. Nilitaka wanikumbuke kwa uzuri. Kumbe hilo nalo ni kosa la jinai siku hizi."

Mpelelezi alifunga daftari. Shangazi akamshika mkono kabla hajainuka.

"Siombi kuhurumiwa, mwanangu. Naomba kazi yangu isomwe vizuri. Nikipelekwa kituoni leo, watu wa hapa watasema miaka ishirini na miwili yule mama alikuwa mharibifu. Hilo tu ndilo siwezi kulibeba."

"Nitasoma vizuri," Mpelelezi alisema.

Kwanza alikwenda chumba cha seva. Rafu ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limechora mstatili mahali mashine iliposimama miaka mingi. Jalada la makabidhiano alilipata kabatini. Mstari wa kumi na nne ulikuwepo, kwa mwandiko ule ule wa mviringo. Kando yake palikuwa na alama ya vema, kama palivyokuwa na alama ya vema kando ya mistari yote thelathini na moja, zote zimechorwa kwa mkono mmoja bila kunyanyua kalamu, kama mtu anayeshona. Ukurasa wa mwisho ulisema: Seva ya zamani imezimwa na kuondolewa. Nimeshuhudia. Sahihi ya Meneja.

Basi Babu alikuwa ameondoka. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Alirudi kwenye karatasi zake. Alizitandaza sakafuni, akavua viatu, akapiga magoti. Meneja alimchungulia kwa mlango akatikisa kichwa.

Amri haikutolewa siku moja. Ilitolewa kila siku. Siku mia na tano, Jumapili na sikukuu, kila siku jina ni SHANGAZI, kila siku saa moja ya ukimya. Hakuna aliyeona kwa sababu katika saa hiyo hakuna kilichoharibika, mpaka kilipoharibika.

Mwanzoni alidhani amepata ushahidi mbaya zaidi dhidi ya mama yule. Kisha akaanza kuandika dakika na sekunde katika safu moja, kutoka juu hadi chini, na kalamu ikaanza kwenda polepole.

Siku ya kwanza, saa nne kamili. Siku iliyofuata, saa nne na sekunde nne. Halafu nane. Halafu kumi na mbili. Alirukia katikati ya rundo, akahesabu, akajaribu: sekunde nne. Alirukia mwisho. Siku ya ajali, 4:06:48. Jana yake, 4:06:44. Na jana, 4:06:56.

Alikaa kitako sakafuni.

Mtu huchelewa. Kesho huwahi. Keshokutwa anaumwa, amri haitoki kabisa. Hakuna mtu aliye hai anayechelewa sekunde nne kila siku kwa siku mia na tano bila kukosea hata mara moja. Anayechelewa hivyo ni saa. Saa iliyoachwa peke yake, isiyorekebishwa na mtu yeyote.

Na ile namba ya ubaoni! Alicheka peke yake, kicheko kidogo. Siku bila ajali! Chupa mia sita za damu zimemwagwa siku tatu tu zilizopita, na namba haikurudi sifuri.

Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Alivaa viatu.

Saa nne na dakika nne alikuwa amewakusanya wote watatu mbele ya skrini kubwa ya chumba cha uangalizi. Vyumba baridi kumi na vinne vilionekana hapo kama vigae vya kijani, kila kimoja na nyuzi zake.

"Shangazi, simu yako uweke mezani. Mikono juu ya meza. Bosi, na wewe. Fundi, na wewe."

"Hii ni nini, tunacheza kombolela, kujificha na kutafutana?" Meneja aliuliza.

"Umekaribia. Neno la siri la Shangazi ulibadilisha juzi?"

"Juzi, mwenyewe."

"Basi leo amri haiwezi kuja."

"Haiwezi."

"Itakuja saa nne na dakika saba kamili," Mpelelezi alisema kwa ile sauti yake ndogo, wote wakainama. "Si dakika sita na hamsini na tisa. Saba kamili."

Meneja aliguna. Vidole kumi vya Shangazi vilikuwa vimetulia juu ya mbao. Nyaya alikuwa ameanza kutoka jasho jembamba juu ya mdomo.

Saa ya skrini ilihesabu. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa.

Vigae vyote kumi na vinne vilifunikwa na rangi ya kijivu kwa mpigo mmoja, na chini ya skrini mstari mpya ukajiandika: 4:07:00. Nyamazisha kengele zote. SHANGAZI.

Meneja alitazama mikono ya Shangazi. Akatazama simu.

"Nilibadilisha neno la siri," alisema hatimaye.

"Huyu hatumii neno la siri. Ana ufunguo wake wa siku nyingi, aliopewa kwa jina la Shangazi kabla mfumo wako haujazaliwa. Mlipohamia, mfumo mpya ulipokea funguo zote za zamani, huu nao ukiwemo." Mpelelezi alimgeukia fundi. "Nyaya, ndugu yangu. Nimetoa siku elfu tatu mia sita na arobaini kwenye kalenda. Nimerudi nyuma karibu miaka kumi. Jengo hili kila kitu kimebadilishwa tangu wakati huo, hata viti. Kitu gani hapa kinahesabu siku tangu zamani zile?"

Nyaya alivua nyaya shingoni, taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Njooni," alisema.

Ghala la vipuri lilikuwa mwisho wa ujia, nyuma ya makasha ya karatasi. Nyaya alivuta shuka la maua, na chini yake, juu ya toroli la kubebea mitungi ya gesi, mashine nyeusi ilikuwa inapumua. Feni yake ililia kwa mkwaruzo mdogo. Taa moja ya kijani ilipepesa. Kebo ya buluu ilipanda ukutani, ikaingia darini.

"Babu!" Shangazi alisema, na mkono ukaenda kifuani.

"Nilielekezwa niizime," Nyaya alisema. Alikuwa anaongea na toroli. "Nilijifunzia kazi kwenye mashine hii, Shangazi, wewe umesimama nyuma yangu unanipiga makonzi. Tangu siku ulipoiwasha haijawahi kulala. Umeme ulikatika, haikulala. Mafuriko ya mwaka ule, haikulala. Mafundi wa vituo vyote wanajua hesabu yetu, wananipigia simu kuniuliza. Ilikuwa imebaki kama miezi minne tu ifike miaka kumi. Nikasema nitaitoa chumbani bila kuizima. Nikaiunga na betri, nikaisukuma kwenye toroli, mkono mmoja nimeshika waya kama mtu anayeshika dripu ya mgonjwa."

"Na mtandao?" Mpelelezi aliuliza. "Kwa nini uliiunga na mtandao?"

"Ili nione hesabu kwenye simu. Nisiwe nakuja huku kila asubuhi watu wakaniuliza." Alimeza mate. "Sikujua bado inatoa amri. Wallahi sikujua. Nilivyosikia damu imemwagwa nililia, lakini sikuunganisha. Nitaandika maelezo mwenyewe, kwa mkono wangu. Shangazi asiguswe."

"Utaandika," Mpelelezi alisema. Alifungua jalada la makabidhiano ukurasa wa mwisho, akampa Meneja. "Hapa umeandika umeshuhudia ikizimwa."

Meneja alisoma sahihi yake kama hajawahi kuiona. "Niliona rafu tupu."

"Na mstari wa kumi na nne?"

Meneja aliitoa ile barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akavishika mkononi bila kujua pa kuvitupa.

"Ripoti itakuwa na majina mawili," Mpelelezi alisema. "La fundi na la kwako. Jina la Shangazi litatajwa mara moja tu: kwamba alionya kwa maandishi."

Alipiga picha kila kitu: kebo, betri, toroli, amri yenyewe kwenye skrini ndogo ya Babu, na ile saa yake iliyosema bado ni saa nne na dakika kumi na moja wakati saa ya ukutani ilikuwa imeshapita kumi na nane. Alinakili kumbukumbu zote. Kisha akajisogeza pembeni.

"Sasa inaweza kuzimwa."

Nyaya alisogea, mikono ikakataa. "Zimebaki siku kumi na mbili tu," alisema kwa sauti ya chini. "Tukiitoa mtandaoni ikabaki inahesabu peke yake, haitamdhuru mtu."

Shangazi hakumpiga konzi. Alimwekea mkono begani.

"Mwanangu, sikumwasha ahesabu siku. Nilimwasha alinde damu. Hiyo kazi aliifanya mpaka siku ya mwisho, kama nilivyomwelekeza, bila kuruka hata siku moja. Hakuna aliyemwambia imekwisha. Ngoja nimwambie."

Alivuta kasha la karatasi, akakalia, akavaa miwani. Aliandika amri kwa vidole vya haraka ambavyo havikutafuta herufi. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Alibonyeza. Feni ilishuka sauti kidogo kidogo, taa ya kijani ikapepesa mara mbili, na ghala likawa kimya hivi kwamba walisikia maji kwenye mabomba ya ukutani. Nyaya alijifuta uso kwa shuka la maua.

"Asante, Babu," Meneja alisema ghafla. Wote walimgeukia. Aliona haya, lakini hakujirudi. "Na wewe pia, Shangazi. Ilibidi nianze na hilo siku ile."

"Umechelewa wiki kumi na tano," Shangazi alisema. "Lakini umefika. Turudi kazini. Vyumba vyangu bado vimezibwa midomo."

Kweli, kwenye skrini kubwa vigae vyote vilikuwa bado kijivu. Amri ya saa nne na saba ilikuwa inaendelea. Meneja alinyoosha mkono kwenye kibodi.

"Hapana," Mpelelezi alisema. "Mrudishie Shangazi akaunti yake, afungue mwenyewe."

Meneja aligeuza kiti. Alirudisha akaunti, akasimama, akampisha. Shangazi alichagua neno jipya la siri huku ameziba kibodi kwa mkoba, na kile kipande cha karatasi cha zamani akakibandua, akakitia mkobani. Kisha akatoa amri. 4:41:09. Fungua kengele zote. SHANGAZI. Ilikuwa amri yake ya kwanza ya kweli ndani ya mfumo ule tangu ulipowashwa.

Vigae vikarudi kijani.

"Chumba namba tatu kiko tupu bado?" aliuliza.

"Tupu," Nyaya alisema.

"Nenda kafungue mlango, uuache wazi. Usifunge mpaka usikie."

Nyaya alitoka mbio. Waliobaki walitazama kigae cha tatu. Nyuzi nne. Nyuzi tano. Sita. Meneja alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nyuzi saba zilikaa muda mrefu. Nane.

Kengele ililia. Ililia vibaya, kwa ile sauti ya kukwangua ambayo watu wa jengo zima waliichukia, ikaingia ujiani, ikapanda ngazi, milango ikaanza kufunguka na vichwa kutokeza. Daktari mmoja aliuliza kwa hasira kuna nini tena.

Shangazi alikaa wima mbele ya skrini, miwani puani, akaisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mwanawe akisoma mbele ya darasa. Mfumo uliuliza nani ameipokea kengele. Aliandika jina lake, herufi moja moja, kisha akageuka kwa yule daktari mlangoni.

"Hakuna tatizo, daktari," alisema. "Ni mimi, niko kazini."